Siku Niliyowavulisha Watu Viatu Manowarini

Niliwahi kuwavulisha viatu watu wazima na watoto wao juu ya sitaha ya chuma, mchana mkavu, jua la Malindi likiwa utosini. Nalisema mapema, maana wajukuu wamenitaka niandike tulivyofanya kazi bandarini, na nikilificha watalisikia kwa jirani.

Siku yangu ya kwanza, Serahangi, ndivyo tulivyomwita msimamizi wa gati, alinionyesha kamba nene kama mkono wangu. "Meli ikirusha kamba, idake, ivike kwenye kigingi, kisha ondoka hapo. Kamba ikikatika haina adabu." Kazi niliipenda: ya baharini, lakini miguu imo nchi kavu. Wenzangu wakitamani safari, mimi nikitamani wali wa nyumbani.

Miaka michache baada ya Mapinduzi ikafungwa gatini manowari kuukuu, ikingoja kukokotwa kwenda kuvunjwa. Tukaruhusiwa kuleta familia zetu siku moja kuitembelea. Mama aliposikia jina la meli aliweka chini upawa. Marehemu baba alichochea makaa humo wakati wa vita, na mama hakuwahi kuikanyaga.

"Nataka kuona alipokuwa akilala," alisema. "Basi."

Mwongozaji wa wageni nikawa mimi. Serahangi akanionya: "Juu tu. Chini hapashukwi, ngazi imesimama kama ukuta." Mama sikuthubutu kumwambia.

Siku ilipowadia, alipofika juu ya sitaha, mama akainama akavua makubadhi yake, kama anayeingia nyumba ya watu. Watu wakaanza kucheka. Sikutaka aaibike peke yake, nikapaza sauti: "Jamani, humu viatu vinavuliwa!" Wakatii, kwa kuwa nilivaa kofia ya bandari. Rundo la viatu likabaki kivulini tezi, yaani nyuma ya meli, kama mlangoni mwa msikiti.

Tulipofika omo, mbele kabisa, sitaha ilikuwa kikaango cha mkate wa ufuta. Jirani yetu Bi Time akarukaruka: "We mwana, watuchoma kama mishikaki!" Watoto wakalia. Serahangi akaja mbio.

"Nani kawavua viatu?"

Nikatazama bahari. Viatu vilikuwa mbali, na kivuli cha karibu kilikuwa mlango wa kushukia chini.

"Washushe!" akapiga kelele. "Washushe, wataiva hawa!"

Mama alishuka kinyumenyume, nimemshika kifundo cha mguu. Chini palinuka masizi. Akauliza wachochea makaa walilala wapi. Serahangi, bado anahema, akamwonyesha rafu ya chuma ukutani, nyembamba kama benchi la shule.

Mama akaipima kwa shubiri.

"Maskini," akasema. "Miaka yote nkimgombeza: kitanda chote hiki, wajikunja ukingoni kama mgeni. Wala hakunambia."

Akaipangusa kwa upindo wa kanga, taratibu, mpaka mwisho. Serahangi akavua kofia, akajifanya anajipepea.

Hakunishitaki kwa wakubwa. Aliniambia tu, "Kesho rudi kwenye kamba zako." Nikarudi, nikadaka kamba mpaka nikastaafu, wala sikupanda tena meli yoyote. Juzi barazani nilijisifu kwa vijana kwamba kamba yangu haikuwahi kuanguka majini. Bi Time, ambaye sasa anatembelea mkongojo, akanikata kalima:

"Kamba angeidaka yeyote. Umri wako wote bandarini, la maana ulilolifanya ni kutuunguza nyayo."