Gari Liliponuna Goweko

Juzi, gereji moja ya Gongoni, fundi alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia kwenye gari la otomatiki lililogoma kutembea. Akanusa. "Yameungua. Siku nyingi lilikuwa linachelewa kuondoka, mwenyewe ananyamaza tu."

Nilikuwa pembeni, harufu ikanifikia. Harufu ileile ilijaa kwenye gari la Baba mdogo mchana mmoja nikiwa mtoto, tulipofika Goweko, tukiwahi Tabora ili Mama amwone bibi, mama yake, kabla hajazikwa alasiri. Tangu asubuhi gari lilikuwa linasitasita. "Linapasha moto," Baba mdogo alisema. Mwishowe injini ikanguruma, gari halisogei.

"Shemeji, mwanao kachezea gia!"

Nilikuwa nimeigusa tu. Nikaamini gari limeninunia. Mama alilia kando ya barabara mpaka alasiri ikapita, wala hakunitazama.

Jana Baba mdogo alikuja kwetu. Mimi, ninayeona haya hata kuomba chumvi kwa jirani, sikumwamkia.

"We, shikamoo iko wapi?" Mama aliuliza.

"Simpi, Mama. Gari lilikuwa bovu na alijua. Mimi sikuharibu kitu."

Baba mdogo akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.