Giza la Sekunde Arobaini

Dada Kamera alikuwa amehariri video za harusi nyingi mpaka akawa anajua bibi harusi yupi atalia kabla hajaanza kulia. Mtaa mzima ulimwita hivyo, Dada Kamera, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti tu. Lakini video aliyoitazama kuliko zote haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya harusi ya binamu yake. Katikati yake umeme ulikatika ukumbini, naye akasahau kuzima kamera. Sekunde arobaini za giza, na ndani ya giza hilo baba yake anaimba polepole, kwa ile sauti yake ya puani, ili watu watulie. Miezi mitatu baadaye baba alifariki.

Baba alikuwa haivi chungu kimoja na kamera. Akielekezewa tu, anajifanya ana kitu anatafuta mfukoni. Kwa hiyo video pekee anayosikika akiimba ni hiyo, na humo haonekani. Kwenye monita ya zamani ya Dada Kamera giza halikuwa giza, lilikuwa kijivu kama maji yaliyooshewa vyombo. Akiongeza mwanga kwenye programu ya kuhariria, picha inajaa chengachenga na baba anakuwa mchanga unaotembea. Akajiaminisha kwamba tatizo ni kioo. Akipata chenye weusi wa kweli, atamwona baba anaimba.

Basi Jumamosi, saa nne asubuhi, aliingia duka la kompyuta na flashi yenye video hiyo mkobani, akaenda moja kwa moja kwenye boksi la monita lililoandikwa 3,000,000:1 kwa tarakimu za kuonwa hata na mpita njia.

"Kaka, nipe hii."

Muuzaji alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Majirani walimwita Profesa, kwa sababu ukimuuliza bei anakupa somo kwanza.

"Umeipendea nini, dada yangu?"

"Milioni tatu. Hiyo ya pembeni imeandikwa elfu tatu kwa moja. Hata mtoto wa chekechea anajua ipi kubwa."

"Ndiyo maana wakaandika hivyo."

"Unaniita mtoto wa chekechea?"

"Umejiita mwenyewe. Mimi nimenyamaza."

Dada Kamera akacheka bila kutaka. Profesa akavuta kiti. Alieleza kwamba nyuma ya kioo kuna taa, na namba ile inasema weupe wa kioo unang'aa mara ngapi kuliko weusi wake. Sasa, wale wa milioni tatu walipima weupe taa ikiwaka yote. Kisha wakaweka picha nyeusi tupu, kioo chenyewe kikapunguza taa karibu kuzimika, ndipo wakapima weusi.

"Ni kama nikupime umesimama juu ya meza, halafu nikupime umechuchumaa, nitangaze kwamba unarefuka," alisema. "Hii ya elfu tatu imepimwa taa bila kuguswa."

"Hayo maneno ya mwenye duka. Nionyeshe."

Profesa akafunga mlango na pazia, akazima taa za dukani, akaunganisha zote mbili. Dada Kamera akachomeka flashi.

Kwenye ile ya milioni, giza lilikuwa totoro. Sauti ya baba ikatoka kwenye kioo kisicho na mtu. Kisha mgeni mmoja wa harusi akawasha tochi ya simu kwenye kona ya picha, taa ya nyuma ikazinduka, na giza lote likapauka kwa mkupuo. Kijivu kilekile cha nyumbani.

Wakahamia ya pili. Tochi ikawaka, lakini giza pembeni yake likakaa palepale. Na ndani ya giza, taratibu, kukawa na umbo: kisogo, masikio yaliyochomoza, bega la kushoto limeshuka kidogo.

"Huyo nani?" Profesa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Baba."

"Hageuki?"

"Tuone."

Baba akaendelea kuimba akiwa ameipa kamera mgongo. Kwenye sekunde ya thelathini na nane kidevu kikaanza kuja upande huu. Umeme ukarudi. Kioo chote kikawa cheupe, na picha ilipotulia watu walikuwa wamesimama mbele yake.

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Dada, nisikudanganye. Uso haumo. Kamera haikuuchukua, hakuna kioo kitakachouleta."

"Nimeona."

"Sasa nikufungie au nisikufungie?"

"Nifungie hii ya elfu tatu." Alisema hivyo lakini hakuinuka. Alikuwa amekisogelea kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu, akaufuta kwa kiganja. "Ila kabla hujafunga, kaka, rudisha pale anapoanza kugeuka."

Nje mteja aligonga mlango. Profesa akarudisha.