Jani Ndani ya Mkungu

Jirani yangu Aikande hamwamini mtu. Nasema hivi nikiwa rafiki yake, tena wa karibu, niliyeachiwa hadi ufunguo wa nyumba yake. Ila kila akirudi safari anauomba na kuukagua, asije akakuta nimeuchongeshea mwenzake. Maziwa anayaonja kabla hajalipa. Daktari akimwandikia dawa, anakwenda kumuuliza nesi kama yule ni daktari kweli. Ndivyo alivyoumbwa, na mimi nimeshamzoea.

Kanisani ni hivyo hivyo. Usharika wetu uko juu ya Makumira, huku mteremkoni mwa Meru kwenye migomba na kahawa. Wengi wetu tunatoa sadaka kwa bahasha. Aikande bahasha haitaki.

"Bahasha inaingia mfukoni mwa mtu," aliniambia siku moja, akimsindikiza kwa macho mtunza hazina aliyekuwa anapita zake. "Mkungu wa ndizi hauingii."

Kwa hiyo yeye hutoa mkungu. Jumapili kwa Jumapili anakata mkungu mmoja wa mshare, ndizi zetu za kupika, ule ulionona kuliko yote shambani, anaupangusa kwa kitambaa chenye maji, anauweka kichwani na kwenda nao. Wakati wa matoleo, kwaya ikianza kuimba, anatoka kwenye benchi na kushuka njia ya katikati huku mkungu umetulia kichwani bila kushikwa, mikono yake inapiga makofi, mabega yanacheza. Na hapo ndipo ungemwona Aikande mwingine. Uso wake unalegea. Macho yanayomkagua kila mtu anayafumba. Anaimba kwa sauti nene inayozidi ya wanaume, anamsifu Mungu wake kwa ndizi, na mpaka autue mkungu pale mbele, yeye hamshuku mtu yeyote duniani. Nilimwonea wivu sana kwa dakika zile. Mimi bahasha yangu naitumbukiza nikiwa nawaza mboga niliyoiacha jikoni.

Ibada ikiisha tunatoka uani kwenye mnada, maana kanisa haliwezi kuweka ndizi na kuku benki. Mzee wa kanisa Hans, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, anainua trei ya mayai, anainua jogoo aliyefungwa miguu, anainua ndoo ya maharage, na watu wanapandishiana bei kwa utani na vicheko. Fedha inakwenda kanisani, chakula kinakwenda kwa aliyeshinda.

Matatizo yalianza alipotokea kijana mmoja mwenye kirikuu nyeupe, kile kigari kidogo cha mizigo. Hakuwa wa kwetu. Alikuwa anaingia ibadani mwishomwisho, anakaa karibu na mlango, na kwenye mnada hanunui mayai wala kuku. Anasubiri mkungu wa Aikande. Ukiinuliwa tu, anataja bei ya juu mara moja, wengine wananyamaza, anaupakia, anaondoka. Jumapili ya kwanza tulifurahi. Ya pili tukashangaa kidogo. Ya tatu Aikande alinishika mkono hadi kucha zikaniingia.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Anapenda ndizi."

"Mama Diana, usiwe mjinga. Ndizi kwa bei hiyo? Akienda Tengeru sokoni si anapata mikungu miwili? Kuna kitu."

Akaanza kuniorodheshea hivyo vitu. Labda wamepanga na Mzee Hans, anataja bei kubwa mbele ya watu halafu halipi. Labda ana hoteli mjini na anawadanganya watu kwamba ni ndizi zilizoombewa. Labda ni mambo ya kiganga, kuna mtu anataka kumwibia nyota yake kupitia kwenye sadaka. Nilicheka. Hakucheka.

Alikwenda kwa mchungaji, na mimi akaniburuta niwe shahidi. Mchungaji wetu ni mtu mpole. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama, sadaka ikishafika madhabahuni si yako tena. Ni ya Mungu. Atamlisha amtakaye."

"Hata kama ni tapeli?"

"Hata kama ni tapeli."

Tulitoka pale amekasirika. Na Jumapili iliyofuata niliona jambo lililoniuma. Alishuka na mkungu kichwani kama kawaida, kwaya inaimba, lakini macho hakuyafumba. Yalikuwa mlangoni, yanamtafuta yule kijana. Mabega hayakucheza. Alitua mkungu na kurudi kukaa bila kuimba ubeti mmoja. Nikaelewa kwamba hili si la kucheka tena. Mwanamke huyu alikuwa na sehemu moja tu ya kupumzika kwenye maisha yake, na ilikuwa inachukuliwa.

"Nikishindwa kumjua huyu ni nani," aliniambia tukipanda kurudi, "naacha kutoa. Kabisa. Mungu atanisamehe."

Hapa lazima niseme kuhusu Godwin. Ni mwanawe wa pekee. Mwaka ule Aikande alipolazwa muda mrefu, Godwin aling'oa kahawa yote ya marehemu baba yake na kupanda parachichi. Hakuwa na nia mbaya. Parachichi zilikuwa zinasifiwa kila mahali, na alitaka mama akitoka akute shamba jipya. Mama alipotoka alikuta mashimo yenye miche midogo. Ile kahawa mumewe aliipanda wakiwa wachumba. Alisimama kwenye mashimo yale na kumwambia mwanawe mbele yetu sote, "Hutakula tena kitu cha udongo huu kutoka mkononi mwangu." Godwin akashuka mjini siku ile ile, na sasa ni zaidi ya miaka mitatu. Tulisikia tu kwamba yuko Lemara, anachomelea mageti, na ameoa. Tangu hapo ukimwita Aikande "Mama Godwin" haitiki. Tulijaribu, tukaacha.

Basi Aikande akatafuta njia ya kuutega ule mkungu. Jumamosi jioni nilimkuta kwenye mpaka wa shamba anakata jani la isale. Alilikunja, akalifunga fundo, akalisokomeza ndani kabisa, katikati ya vichana, karibu na shina la mkungu ambapo mkono wa mtu mzima unafika kwa shida.

Nilishtuka. "Aikande, isale haifanyiwi mchezo."

Sisi huku kila mtu anajua. Isale tunaipanda mpakani, lakini jani lake likifungwa fundo ni neno zito. Aliyekosa akilileta mkononi, hata kama alikuunguzia nyumba, huwezi kumfukuza. Unalipokea, na ugomvi umekwisha. Watu wameacha kesi mahakamani kwa jani hilo.

"Simpelekei mtu," alisema. "Ni alama. Nikifunga kamba wataikata, nikifunga kitambaa watakitupa. Hili hawalioni. Jumatano naenda Tengeru kupekua mikungu yote. Nikilikuta, nimemkamata."

"Tumia kitu kingine basi."

"Kipi? Hili ndilo lililo karibu."

Jumapili kijana akaja, akataja bei yake, akapakia, akaondoka. Jumatano tulipekua Tengeru nzima. Wauza ndizi walitutukana. Mmoja alituuliza kama tumepoteza pete. Hatukuona kitu, na Aikande akarudi nyumbani na shaka kubwa kuliko aliyokwenda nayo.

Jumapili iliyofuata lilitokea jambo la ajabu. Mzee Hans aliinua mkungu wa Aikande, akasubiri, na yule kijana hakufungua mdomo. Kwaya wakaupata kwa bei ya kawaida. Nilimtazama mwenzangu, alikuwa ameudhika.

"Sasa leo una kasoro gani?" alinong'ona.

Kabla sijajibu, kijana alikuwa mbele yetu, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama Godwin."

Aikande hakuitikia. Alibadilika rangi. Mgeni huyu, ambaye hatukuwahi hata kumsalimia, jina lile amelitoa wapi?

"Naitwa Prosper," kijana akaendelea, jasho linamtoka. "Nimeagizwa nikuchukue. Lemara. Kuna mtu anakuomba ufike, leo kama inawezekana."

"Mtu gani?"

"Amesema utajua."

"Mimi sijui."

"Basi... amesema ukifika utajua."

Jibu la namna hiyo kumpa Aikande! Alinivuta pembeni. Alisema huyu anataka kumtorosha, anataka figo zake, anataka hati ya shamba. Lakini alisema vilevile kwamba asipokwenda hatalala maisha yake yote. Akatoa masharti: mimi niende naye, na Mzee Hans aandike namba za gari. Mzee Hans aliziandika kiganjani, akicheka, lakini aliziandika.

Tulibanana watatu mbele kwenye kirikuu. Aikande alikaa mlangoni, mkono kwenye kitasa, tayari kuruka. Tulipofika barabara kuu, simu ya Prosper ikalia. Akasimamisha gari, akashuka, akaenda kuongea mbali kidogo akitupa mgongo. Tulisikia maneno machache tu: "Ndiyo, ninaye. Yuko na mwenzake. Hapana, hajasema kitu."

"Umesikia?" Aikande aliniuliza. "'Ninaye.' Kama mbuzi."

Nakiri kwamba hapo hata mimi niliogopa. Nilianza kusali kimoyomoyo, na nilipotazama midomo ya mwenzangu ilikuwa inacheza pia.

Lemara tuliingia kwenye uchochoro, tukasimama mbele ya geti jipya lililochomelewa vizuri sana. Aikande aliliangalia lile geti, na nadhani alitambua ni la nani kabla yangu, maana mkono wake ulitoka kwenye kitasa. Juu ya geti, kwa nondo zilizokunjwa, kulikuwa na mti wa kahawa. Na matunda yake.

Godwin alitoka. Amekonda, ameota ndevu. Hakuthubutu kusogea. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, na mkononi alikuwa ameshika jani la isale lililoanza kukauka, fundo lake bado liko.

"Mama," alisema. "Ni mimi niliyekosa. Mimi ndiye nilitakiwa kuleta isale. Halafu wewe ndiye umeileta."

Aikande alilitazama lile fundo.

"Nanyori amejifungua," akaendelea. "Mke wangu. Ni binti wa Oldonyo Sambu, kwa wafugaji, mtori wetu wa ndizi na nyama hakuujua. Nilitaka ale mtori wa nyumbani kama wazazi wote wa kwetu, tangu akiwa na mimba. Lakini ulikataza nisile kutoka mkononi mwako. Nikasema, mkungu nikiutoa madhabahuni, si mkononi mwa mama tena. Ni mkononi mwa Mungu. Nikamtuma Prosper. Wiki iliyopita namenya ndizi, nakuta jani. Nikajua mama ameshajua. Mama hawezi kufichwa kitu. Nilikuwa nangoja mtoto afikishe siku arobaini ndipo nije, lakini nikaona isale haingojewi."

Nilimtazama Aikande. Ni mimi peke yangu niliyejua lile jani liliwekwa kwa ajili ya nini. Mwanamke huyu hajawahi kuacha kosa lipite bila kulisahihisha. Aliwahi kumsahihisha askofu. Niliona mdomo wake ukifunguka na nikafumba macho, maana nilijua atasema ukweli, kwamba ule ulikuwa mtego wa mwizi, na kijana huyu atabaki pale vumbini na jani la mpakani.

Ndani ya nyumba mtoto alilia.

"Nilikuwa nashangaa," Aikande alisema, "mbona hujibu."

Alilichukua lile jani mkononi mwa mwanawe, akalitia ndani ya khanga yake kifuani, akampita, akaingia ndani. Tulimsikia akimuuliza Nanyori mtoto amekula lini, na kwa nini dirisha liko wazi, na nani aliutia mtori huu chumvi nyingi namna hii. Kisha tukasikia akilia. Godwin alibaki amepiga magoti hadi mimi na Prosper tulipomwinua.

Tulirudi jioni. Aikande alikuwa amemshika mjukuu muda wote kiasi kwamba mikono yake ilikaa kama bado amembeba. Tulipoanza kupanda kutoka Makumira ndipo nilipompiga kijembe.

"Kwa hiyo ulimdanganya mwanao."

"Nilimdanganya nini?"

"Kwamba ulimtumia isale."

Aliendelea kupanda hadi tukafika kwenye mpaka wa shamba lake, pale penye mstari wa isale. Akasimama akaitazama kwa muda.

"Jani lilikuwa ndani ya mkungu," alisema polepole. "Mkungu ulifika madhabahuni. Mchungaji alisema nini? Si wangu tena. Basi aliyelituma si mimi."

Halafu akainua uso, akaangalia juu kule mlimani penye mawingu, kwa jicho lile lile alilokuwa akimwangalia Prosper.

"Na Yeye," alisema, "kuanzia leo ninamwangalia vizuri."

Jumapili iliyofuata alishuka njia ya katikati na mikungu miwili, mmoja kichwani kwake na mwingine kichwani kwangu, na aliimba hadi sauti ikamkauka.