Reki Iliyokwama Siku Tuliyomzika Jere

Kaka yangu ni Ngosa Kapambwe Chitundu, mwana wa Chitundu aliyechimba shaba shimoni miaka ishirini na sita bila kukosa zamu, mjukuu wa Kapambwe aliyetoka Luwingu, kule kaskazini, kwa miguu akiwa na shoka na mbwa mmoja. Yeye Ngosa hakushuka shimoni. Aliwekwa juu, kwenye uchujaji, na kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyemshinda kukausha tope. Mimi dada yake nimesoma darasa la sita tu, lakini kazi ya kaka yangu naijua.

Mawe yakishasagwa, shaba hutoka imechanganyika na maji mengi. Huingizwa kwenye tangi la mviringo, pana kuliko kanisa letu. Tope hutua chini taratibu, maji safi humwagika ukingoni. Chini kabisa reki ya chuma huzunguka polepole, ikilisukuma tope katikati ili pampu ilivute kwenda kwenye vichujio. Reki hiyo haitakiwi kusimama. Ikisimama tangi likiwa limejaa, tope huishika kama saruji.

Ngosa alipenda tope zito. Tope zito likifika kwenye kitambaa cha kuchujia, maji hutoka upesi na donge hubanduka kavu. Jepesi alilidharau. "Huu ni uji wa mgonjwa," alisema, akapunguza pampu ili tope likae lizidi kuiva. Wenzake walimwonya. Aliwacheka.

Mwaka ule mgodi ulipouzwa, akafa Jere. Jere alikuwa Mngoni, mtani wetu sisi Wabemba, na walikaa benchi moja na Ngosa miaka kumi na tisa.

"Mla nyani umefika?"

"Nimefika, mla panya. Futa mkia mdomoni."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao kila asubuhi, Jere akianza, Ngosa akijibu.

Kwetu mtani akifa, wewe ndiye unayeingia kaburini kwanza, ulale humo, ukatae kutoka mpaka wafiwa wacheke. Jumamosi ya mazishi Ngosa alikuwa zamu. Tope lilikuwa zito tangu alfajiri. Angeweza kufungua pampu, alipunguze kwanza. Hakufungua. Alimwachia mwenzake, Mwelwa. "Reki ikielemewa kengele ikalia, iinue. Narudi sasa hivi."

Kengele ililia. Mwelwa akainua reki, ikapanda shibiri moja ikagoma. Akakimbia mpaka makaburini, jasho linamtiririka.

"Bwana Ngosa! Tangi! Reki inakwama!"

Ngosa alikuwa chali ndani ya kaburi, amefumba macho. "Mwambieni Mwelwa aniache. Huyu mla panya kaniazima kitanda, sitoki!"

Watu walikufa kwa kicheko. Hata mjane wa Jere alicheka. Tulidhani Mwelwa naye anatania, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka, siwezi kukana. Mwelwa alipolia, ndipo tulipoamini. Ngosa alipofika kiwandani, reki ilikuwa imesimama.

Meneja mpya hakupiga kelele. Alisema, "Reki ikizunguka kabla Juni haijaisha, tunaendelea. Isipozunguka, mtambo wote unakatwa chuma chakavu."

Wanaume kumi na mmoja waliingia tangini na kaka yangu, kwa koleo na mpira wa maji. Juu tope lilikuwa gumu, linatoa cheche likipigwa koleo, chini lilikuwa uji unaorudi pale pale ulipoutoa. Wiki saba. Niliwapelekea ubwali, ugali wetu, na dagaa, wakala wamesimama, mikono ya kijani kwa shaba.

"Dada, kaka yako anatuzika wazima," Mwelwa aliniambia.

"Si ulikubali mwenyewe?"

"Nilikubali. Nina watoto sita, ningekataa nini?"

Tarehe ishirini na nane Juni mkono wa reki ulionekana wote. Fundi umeme akawasha. Mkono ulisogea hatua mbili, watu wakapiga vigelegele, kisha mhimili wa katikati ukakatika. Mlio wake niliusikia nikiwa getini. Meneja akaondoka. Jioni malori ya chuma chakavu yalikuwa yamepangwa barabarani.

Ngosa alikuja kwangu, hakukaa. Alimwita mwanangu Chanda, mtu mzima mwenye mke, kwa kuwa kwetu mpwa ndiye mrithi.

"Chanda, wenzangu wametawanyika kabla sijasema nao. Kesho alfajiri watakuja na koleo, wanadhani tutauunga mhimili tujaribu tena."

"Nenda mwenyewe, mjomba. Wewe ndiye wanayekufahamu."

"Ndiyo maana siendi. Mwelwa akiniona atanihurumia, ataniambia nipumzike, nami sitaki kuambiwa hivyo. Nenda nyumba kwa nyumba, zote kumi na moja. Waambie kazi imekwisha, wasije. Watakachosema, kisikilize mpaka mwisho."

"Na wakikutukana?"

"Usinitetee. Anza kwa Mwelwa."