Miguu ya Akina Mama wa Namanyere

Siku ya kwanza kazini nilikibana kijiti cha rangi hadi kikakatika. Bwana Utamaduni wa wilaya, bosi wangu wa kwanza, hakunigombeza. Alinirudishia kipande kilichobaki. "Binti, ukichora ngoma anza na miguu," akasema. "Nyuso utazichora wakipumzika kunywa togwa."

Nyie vijana wa simu lazima niwaeleze. Ofisi yetu ilikuwa na mchoraji wa kuhifadhi ngoma: nani kasimama wapi, mguu upi unatangulia. Tulitumia pasteli, vijiti laini vya rangi, ndugu wa chaki. Unga wake haushiki vizuri. Ukiugusa kwa kiwiko, mchezaji kapotea. Kwa hiyo tuliupulizia dawa. Dawa ya ofisi ilipoacha kuja, ile ruksa ya kila mtu kufanya biashara ikatuletea ya kupulizia nywele, imejaa tele madukani Mazwi, mjini Sumbawanga. Picha zangu zikawa zinanukia kama bibi harusi.

Ruksa hiyohiyo ikaja na maneno ya kupunguza wafanyakazi. Bwana Utamaduni alikuwa keshahamishwa, na Afisa wa Mkoa aliyebaki juu yangu akaanza kunisalimia bila kunitazama. Niliogopa, sifichi. Nyumbani Milanzi, mama yangu na wanangu walikula kwa mshahara wangu.

Mwishowe aliniita. Mgeni kutoka makao makuu anakuja, akasema, ndiye atakayeamua kama mchoraji bado anahitajika. Nichore ngoma ya uwanjani, wachezaji wote, na kesho yake asubuhi mgeni akifika picha iwe mezani.

Siku ya ngoma upepo wa kiangazi ulikuwa unang'oa kofia. Akina mama wa Namanyere wakaingia na njuga miguuni, wakacheza, we acha tu. Nilichora miguu: unaonyanyuka, unaoburuta, unaokanyaga kwa kisigino. Nyuso nikazisubirisha hadi togwa. Zamani lori la kubeba wachezaji lilikuwa la serikali, likingoja mpaka jioni. Hili lilikuwa la mfanyabiashara wa mahindi, naye alishaanza kupiga honi. Ngoma ilipokatika tu, akina mama wakapakiwa na njuga zao, hata kikombe hawajashika. Nikabaki na karatasi ya miguu isiyo na wenyewe.

Nyuso ningeweza kubuni. Nilijaribu mmoja, ukatoka uso wa shangazi yangu, nikaufuta. Alfajiri nikapanda basi la kwanza kwenda Namanyere, ingawa asubuhi ya mgeni ndiyo hiyo. Nilijipa moyo kwamba atanisubiri.

Kiongozi wao nilimkuta sokoni anauza ulezi. Nikamwamkia, nikatandaza karatasi juu ya gunia. Aliinama, akaitazama mpaka nikaanza kutoka jasho.

"Huu wangu," akasema, akiuonyesha mguu wenye kidole kilichopinda. "Na huu wa Mama Sikujua. Ngoja niwaite."

Wakaja. Kila mmoja aliutafuta mguu wake, akaupata, akakaa niuweke uso wake mahali pake. Walitaniana kuhusu magaga yao, nami nikacheka nao. Kwa muda ule nilisahau kuogopa.

Nilirudi Sumbawanga jua limeshainama. Mgeni alikuwa ameondoka. Afisa wa Mkoa aliishika picha pembeni, kwa uangalifu, akavua miwani.

"Mama, hii ndiyo aliyoitaka," akasema. "Alisubiri, kisha akaona umemdharau. Ameshaamua."

Ndivyo nilivyostaafu, kama kule ni kustaafu. Baadaye nimeuza vitumbua, nimechora mabango ya saluni na bucha, na watoto wamesoma. Watu huniuliza kama najutia ile safari ya Namanyere. Kuna siku najuta sana, na kuna siku naitamani tena.

Usiku ule niliorudi kutoka Namanyere, baada ya miezi ya kukosa usingizi, nililala fofofo. Asubuhi nikaamka, nikaoga, nikavaa sketi ya kazi, nikachukua boksi la rangi. Nilishafika mlangoni mama yangu aliponiuliza, taratibu, "Unakwenda wapi, mwanangu?"