Sifuri ya Mwisho wa Aprili

Kila siku ikigonga saa tatu asubuhi, Scholastica huacha alichoshika, iwe ni chombo cha maziwa au ungo wa ulezi, akazunguka nyuma ya nyumba kilipo kipima mvua. Ni kopo la shaba lililozikwa nusu ardhini, likazungushiwa senyenge ili ndama wasilipige teke. Huitoa chupa iliyomo ndani, akamimina maji kwenye glasi ya kupimia, akasoma, akaandika. Nyanungu nzima wanamwita Mama Mvua, na jua likizidi wapo wanaomnung'unikia, utadhani mvua ameifungia stoo.

Wasilolijua ni kwamba pale kwenye senyenge hayuko peke yake. Kabla hajainama, sauti ya mtoto huhesabu ubavuni pake: glasi tisa zimejaa, na ya kumi tatu nukta nne. Hata Januari, vumbi tupu, sauti husema hayo hayo. Ni mwaka wa ishirini na tatu sasa.

Sauti hiyo ni ya Agness, binti yake. Tangu alipozijua tarakimu, Agness ndiye aliyesoma glasi na mama ndiye aliyeandika. Mwisho wa mwezi kadi ilipelekwa ofisi ya hali ya hewa, na kadi ya Scholastica haikuwahi kuchelewa hata siku moja. Hilo alijivunia kuliko ng'ombe wa mumewe. Kanuni ya kazi ile ni kwamba maji yanayopimwa asubuhi huandikwa kuwa ya jana yake, kwa hiyo Aprili hufungwa asubuhi ya Mei Mosi.

Mei Mosi ya mwaka elfu mbili na mbili iliamka imelowa. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Glasi huchukua milimita kumi tu. Waliijaza mara tisa, na ya kumi ikasoma tatu nukta nne. Tisini na tatu nukta nne. Scholastica hakuwahi kuona namba kubwa kiasi kile, na ukweli usemwe, aliifurahia. Agness akaomba aiandike mwenyewe kwenye daftari. Mama akainakili kwenye kadi, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Mwalimu Thadeo, aliyekaa ng'ambo ya kijito, alikuwa anakwenda Tarime mjini kwenye sherehe za wafanyakazi, naye angeibeba.

"Mkimbilie mwalimu kabla hajaondoka," akamwambia mtoto. Agness alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Namba Scholastica alikuwa nayo mkononi. Katika kata nzima hapakuwa na mtu aliyejua kumliko yeye maji yaliyoshuka usiku ule, na bado alimtuma mtoto kijitoni, eti kadi isichelewe.

Agness walimpata siku ya pili, kwenye matete huko chini bondeni. Kadi haikuonekana tena. Baada ya matanga, ofisi ikauliza kadi ya Aprili iko wapi, na Scholastica akakaa na daftari kuandika nyingine. Alipofika tarehe thelathini mkono ukagoma. Akaandika sifuri. Kama mvua haikunyesha, basi kijito hakikujaa, na kama hakikujaa, hakuna mama aliyemtuma mtoto kwenye maji. Mumewe Wangwe aliiona sifuri ile akageuza uso, na alikufa bila kuitaja. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Redio ikitangaza kwamba masika yamekuwa juu ya wastani wa muda mrefu, au chini yake, majirani huulizana wapande mahindi au mtama. Scholastica huizima. Anajua kwamba ndani ya huo wastani kuna shimo alilolichimba yeye, na aliyelala humo ni mwanawe.

Mwaka huu, mwezi wa sita, akaja kijana kutoka ofisini, jina lake Gidion.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Kaa, unywe uji."

Gidion akafungua makaratasi yake. "Mama, tunahakiki kadi za miaka thelathini, kuanzia tisini na moja. Wastani wa huku tunautoa kwenye kadi zako. Sasa kuna siku moja inatusumbua. Tarehe thelathini Aprili, elfu mbili na mbili, vituo vya jirani vilipata themanini, vingine mia. Chako sifuri."

Scholastica akamsogezea kikombe cha uji.

"Wakubwa wanasema, kama siku moja ni ya uongo, nani ajuaye nyingine? Wanataka kadi zako zote zitolewe kwenye hesabu. Nikawaomba nije kwanza. Pengine ulikuwa unaumwa, hukupima. Sema hivyo tu, mama, niandike kwamba siku hiyo haikupimwa, yaishe."

Alikuwa kijana mwema, na mlango alioufungua ulikuwa mpana. Scholastica alitamani kuupita. Lakini ilikuwa inakaribia saa tatu, na sauti ilikwisha kuanza kuhesabu.

"Nilipima," akasema.

Akaingia ndani, akarudi na daftari lililoliwa na mchwa pembeni. Akamfunulia ukurasa wenye mwandiko wa mtoto wa darasa la tano, tarakimu kubwa, zimeegemea kushoto. Akamweleza yote, na kadi, na kijito, na sifuri. Hakujitetea. Uji wa Gidion ukapoa kwenye kikombe.

Kijana akaupiga picha ukurasa ule, kisha akabonyeza namba kwenye simu kwa muda mrefu kuliko hesabu yenyewe ilivyohitaji.

"Nadhani watakubali, mama. Wastani wa Aprili wa hapa utapanda milimita tatu nukta moja."

"Tatu tu?"

"Tatu na kidogo. Kila Aprili itakayokuja itapimwa kwa wastani huo."

Kesho yake, saa tatu, Scholastica akaenda kwenye kopo. Akasubiri. Ndama alikohoa zizini, na hapakuwa na sauti nyingine. Akasubiri hadi saa tatu na robo, jambo ambalo kanuni haziruhusu. Chupa ilikuwa kavu. Akaandika sifuri, safari hii ya kweli, kisha akaketi chini kando ya senyenge akalia, kwa sababu mtoto alikuwa ameondoka.