Mwani Tuliousuuza Baharini

Shule niliiacha mapema, na nyumba ya mawe ninayolala hapa Kibuyuni niliijenga kwa kulima mwani. Nalisema hilo mwanzo ili nisihurumiwe.

Mwaka ule bahari ilipata moto. Mwani ulipauka kwenye kamba, ukalainika, ukakatika. Tulichovuna kilikuwa taka, hakuna mnunuzi aliyekitaka. Binti yangu, aliyelima pamoja nami tangu alipoachwa na mumewe, akachukua pasipoti. Uarabuni, kazi za ndani.

"Subiri kwanza yule kijana wa chuo aliyesema atakuja kuuona mwani wetu," nikamwambia.

Kijana huyo alikuja na magunia matupu, akitaka ule ule mwani uliokufa. Angeuchoma bila hewa mpaka uwe unga mweusi, kisha autie kwenye mtambo unaotoa umeme kwa gesi, mahali ambapo wengine hutia madini ya bei ya dhahabu.

"Shikamoo, bibi. Unga huu ukifanya kazi, taka zenu zote tutazinunua."

"Marahaba. Na usipofanya?"

Akacheka. "Utafanya. Nyinyi usafisheni tu vizuri."

Tukausafisha. Sasa, mkulima wa mwani hauoshi kwa maji ya kisima. Tone la mvua likigusa mwani tulioanika kichanjani tunakimbilia maturubai, maana maji yasiyo na chumvi huuharibu. Tukashuka nao baharini penye maji maangavu, tukasuuza mchanga na konokono wote. Binti yangu alisugua kutushinda.

"Mama, nasugua hivi kwa sababu sitaki kumpikia mtu biriani Riyadh."

"Wewe hata hapa biriani huijui!" jirani aliyesuuza nasi akamtania, tukacheka mpaka maji yakatuingia kinywani.

Kijana alibeba magunia, akaenda kuujaribu. Aliporudi hakuwa na mzaha.

"Bibi, mlisuuza kwa maji gani?"

"Ya bahari. Kuna mengine?"

Akakaa mchangani na suruali yake nzuri. Chumvi ilikuwa imeuharibu unga; mtambo uliwaka kidogo, ukazimika. Alitaka gunia jingine, lioshwe kwa maji ya kisima.

"Hukusema," nikamwambia.

"Sikujua kama ni jambo la kusema."

Sikumwomba radhi, naye hakuniomba. Maji yalipokupwa nilipita na ndoo kamba baada ya kamba kumtafutia mwani mwingine. Vigingi vilisimama vitupu. Hata ule uliokufa bahari ilikuwa imeshauchukua. Mimi niliyezoea kutupa taka, siku hiyo nilizitafuta nikazikosa.

Nilimkuta binti yangu uani, amemaliza kuanika nguo. Alitazama ndoo yangu, akaona haina kitu. Akaanza kuzianua zile nguo zingali mbichi, akizikunja moja moja na kuzitia begini.

"Zitavunda hizo," nikamwambia.

"Zitakaukia huko, mama."